Herufi Nene za Darajani

Machi 4

Mvua ya kwanza. Imenyesha dakika kumi tu, ikalowanisha nguo nilizosahau kambani, ikaondoka zake. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya vibao. Kurasa mbili za kwanza nimeshazijaza malalamiko, basi acha liendelee hivyohivyo.

Machi 6

Amekuja msimamizi wa barabara. Tumbo limeingia kwanza, yeye akafuata. Anataka vibao viwili kwa ajili ya daraja la chini, kimoja kila upande wa mto.

Daraja lenyewe ni ukanda wa saruji usio na kingo, una viguzo tu vinavyonifika kiunoni. Kila masika maji hulifunika. Mwaka jana yalimchukua fundi viatu mmoja, akapatikana siku ya tatu. Watu wanalijua hilo na bado wanavuka, kwa sababu kuzungukia daraja la juu ni safari ya saa nne kwa miguu. Mume wangu huvuka kila siku na baiskeli yake ya mikate. Wifi yangu, yaani dada yake, huvuka kwenda zahanati ya ng'ambo, ambako ni mkunga. Tunaishi naye tangu alipofiwa na mumewe.

Msimamizi amesema, "Fundi, safari hii tunataka kitu cha kumsimamisha mtu."

Nikiharibu kibao cha kinyozi, watu watacheka wiki moja na kusahau. Hiki nikikiharibu, atakufa mtu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Machi 9

Nimeamua kutumia herufi za askari. Jina hilo alizipa marehemu fundi aliyenifundisha kazi. Ni nene, ndefu, zimebanwa mbavu, zimesimama bega kwa bega, na miguuni hazina vimkia wala madoido. Kadi ya harusi huwezi kuiandika kwa herufi hizi, bibi harusi atalia. Zenyewe ni za HATARI UMEME, za BEI ZIMESHUKA, za mechi ya Jumamosi, na za ukurasa wa mbele wa gazeti siku mkubwa fulani anapojiuzulu. Hazibembelezi mtu. Zina sauti nzito na hazihitaji kiti kipana.

Na lugha yetu inazihitaji. Sisi tunaunga neno mpaka linapumua kwa shida. Andika HATUTAWAHUDUMIA kwa herufi pana uone kama mlango wa duka utatosha. Kwa askari linaingia lote, na nafasi ya kuchora chupa ya soda inabaki.

Wifi amepita akitoka kazini, akasimama kunitazama. "Bado unapaka rangi tu, wifi?"

Miaka kumi na nne ananiuliza swali hilohilo. Yeye anatoa watu duniani na mimi napaka rangi. Nimemjibu kwamba ndiyo, napaka.

Machi 12

Maneno kutoka ofisini yamefika. Nayanakili yalivyo: TAHADHARI KWA WATUMIAJI WA DARAJA HILI. HAIRUHUSIWI KUVUKA WAKATI WOWOTE AMBAPO MAJI YAMEFIKA AU KUPITA ALAMA NYEKUNDU ILIYOPO KWENYE NGUZO. KWA AMRI.

Maneno ishirini na mawili kwenye bati lisilozidi mlango wa jiko. Fundi mwingine angerudisha karatasi. Mimi nimepiga uzi wa chaki, nikapima, nikazibana herufi, nikazibana tena, mpaka kati ya moja na nyingine hapapiti hata ukucha. Yameingia yote.

Machi 14

Nimemaliza. Nyeusi juu ya njano. Nimerudi nyuma mpaka mlangoni pa karakana, hatua tano hivi, nikavitazama vikiwa juani. Kichwa kimenivimba, sikatai. Mume wangu amesema vinapendeza, lakini huyo hata ukuta mtupu atauambia unapendeza ilimradi chakula kiwe tayari.

Machi 15

Vibao vimesimikwa. Msimamizi amepiga navyo picha.

Machi 18

Mvua.

Machi 19

Mvua. Rangi haikauki. Kinyozi anayesubiri kibao chake ana haraka kuliko mwenye nyumba inayoungua.

Machi 23

Jua nusu siku.

Machi 27

Mistari leo itakwenda segemnege. Nisamehewe.

Mvua imeanza tangu alfajiri. Saa kumi jioni fundi baiskeli, yule mwenye kibanda karibu na daraja, amekuja mbio bila kofia. Kabla hajafungua mdomo nilishajua ni mto. Amesema, "Wifi yako. Yuko hai. Yuko hai, dada, kaa chini kwanza."

Alikuwa anatoka kazini. Maji yalikuwa yamepita alama nyekundu. Kufika katikati yakamkata miguu, akaanguka, akakumbatia kiguzo. Wapakiaji wawili wa lori la mchanga walimwona, wakafunga kamba kiunoni wakamfuata. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Kiatu kimoja na mkoba wa kazi vimekwenda.

Nimemkuta amelazwa kwenye gunia kibandani, midomo imekuwa ya kijivu. Nilitaka kumuuliza anaendeleaje. Badala yake swali lililonitoka ni hili: "Wifi, kibao hukukiona?"

Akajifuta maji usoni kwa mkono wa kushoto.

"Nilikiona. Niliona kitu cheusi kimeandikwaandikwa. Nikasema nitakisoma siku ya jua."

Machi 28

Nimevuka leo asubuhi maji yaliposhuka, nikaenda upande wa ng'ambo, nikasimama pale anapotokea mtu akitoka zahanati. Nimehesabu hatua arobaini kutoka kwenye kibao. Manyunyu yalikuwa madogo tu.

Hakuna neno hata moja linalosomeka. Herufi nimeziandika mimi, nazijua moja baada ya nyingine, na sikuweza kuzisoma. Matundu ya A yameziba. M na W zimekuwa matofali. Mstari mzima ni ubao mweusi uliolazwa. Nikasogea hatua kumi, bado. Nikasogea kumi nyingine, nikaanza kuona TAHADHARI, na hapo nilikuwa nimeshasimama pale maji yalipofika jana.

Marehemu fundi alinifundisha mwaka wa kwanza kabisa kwamba hewa iliyo kati ya herufi mbili isipungue hewa iliyo ndani ya herufi moja. Alinifundisha pia kwamba kibao hakipimwi karakanani, hupimwa pale msomaji anaposimama. Yote mawili nayajua. Nilitaka tu kuwaonyesha watu kwamba maneno ishirini na mawili yanaingia.

Nimelia njia nzima. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mvua, hakuna aliyejua.

Machi 30

Wifi amerudi nyumbani na plasta kutoka vidoleni hadi begani. Namlisha, namwogesha, namchana nywele. Hajui kuhudumiwa. Anatoa amri kana kwamba mimi ndiye mzazi aliye kitandani: "Geuka. Inama. Usivute, pole pole, hapo, sasa maliza."

Sijamwomba radhi. Neno linakwama, namuuliza kama anataka uji.

Aprili 1

Mvua. Nimepika uji mara tatu.

Aprili 2

Msimamizi amekuja kumjulia hali mgonjwa, na karatasi ya maelezo mkononi. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi. Nimemsikia akiuliza: "Mama mkunga, kibao ulikisoma?"

Nikaacha kukoroga.

"Nilikisoma," akasema wifi.

"Chote?"

"Chote. Nikavuka kwa ubishi wangu. Andika hivyo."

Akaandika, akanywa chai yangu, akaondoka ameridhika.

Nimeingia chumbani nikamuuliza kwa nini amedanganya. Akageuzia uso ukutani. "Wewe unaishi kwa jina lako. Mimi mkono utaunga."

Miaka kumi na nne nimeishi na mwanamke huyu nikidhani ananidharau. Nimekaa kwenye kinu hapa nje nikitafuta siku hata moja ambayo alinisema vibaya mbele ya watu, sijaipata. Za ndani ya nyumba ni nyingi mno, hizo nimezipata.

Aprili 3

Sikupata usingizi. Kama wifi alikisoma, basi kibao ni kizima na kitaendelea kusimama pale. Na masika bado ni mabichi.

Aprili 4

Nimepiga moyo konde nikaenda ofisini. Nimemwambia msimamizi vibao havisomeki, kosa ni langu, avitoe.

"Lakini mwenyewe amesema alikisoma."

"Alinisitiri. Njoo ukasimame mvuani uone."

Amekuja, kwa hilo namsifu. Amesimama hatua arobaini na mwavuli wake, akafinya macho, akasogea, akafinya tena. Kisha akasema ataagiza vibao vya kuchapishwa kutoka mjini, vitafika Juni.

"Na mvua tuiambie isubiri Juni?"

Nikamwambia nitaandika vingine mwenyewe, sitaki malipo. Nataka ruhusa moja tu: nichague maneno mimi. Akaitikia kwa kichwa.

Nyumbani wifi amepata habari kabla yangu. Nimepokelewa na sauti tangu barazani. "Mimi nakufunika, wewe unajivua nguo sokoni! Sasa nani atakuletea kazi?"

Nikasema sijui. Halafu, sijui limetoka wapi, lile neno lililokwama likatoka lenyewe. Nikasema, "Nisamehe, wifi. Mkono wako nimeuvunja mimi."

Baadaye akasema ana njaa.

Aprili 6

Kinyozi ameghairi. Amempa kazi yake yule wa mtaa wa pili, anayeandika herufi zenye mikia mpaka unadhani ni nyoka. Imeniuma, lakini nina la kufanya.

Aprili 7

Wifi ameamka na mawazo. Nilikuwa nimeshakata maneno kutoka ishirini na mawili hadi saba, nikampelekea karatasi. Akaitazama kama anavyomtazama mzazi aliyechelewa kuja kliniki.

"Maneno mengi."

"Ni saba tu!"

"Mimi nikitoka zamu miguu imevimba, nina mtoto wa mtu kichwani, nina mvua usoni. Nitasoma moja. Nipe moja."

"USIVUKE," nikasema.

"Hilo."

Lakini kibao kinachosema USIVUKE mwaka mzima, jua na mvua, baada ya mwezi mmoja hakuna atakayekijali. Tumekaa na hilo tatizo mchana kutwa. Jioni mume wangu amefungua dirisha kutazama mawingu, akalifunga, akalifungua, na wifi akapiga kelele kwamba asimame hapohapo. Kibao cha kufungua na kufunga! Maji yakigusa alama nyekundu, mtu anafungua, neno linaonekana. Yakishuka, anafunga. Upande huu atafungua fundi baiskeli, na upande wa ng'ambo mlinzi wa zahanati.

Mume wangu ameuliza kama sasa anaruhusiwa kutoka dirishani.

Aprili 8

Wifi ametoa milango miwili ya kabati lake la nguo. "Nguo zenyewe naziona hata bila mlango." Zahanati imetoa milango ya kabati la dawa lililoliwa na mchwa mgongoni. Milango yote mirefu, imenizidi kimo, na myembamba.

Hapa ndipo utawapenda askari. USI kwenye mlango mmoja, VUKE kwenye wa pili, herufi ndefu kutoka juu hadi chini. Herufi nyingine yoyote ningeikalisha pale ingekuwa ndogo na kuacha mbao tupu juu na chini. Hizi zinakubali kuvutwa. Zinakua kwa kwenda juu na bado zinabaki nene.

Aprili 10

Jaribio la kwanza. Nimeegemeza milango ukutani mwisho wa uchochoro. Wifi hatua arobaini, mkono kwenye kitambaa shingoni, mwavuli mkono wa pili. Fundi baiskeli juu ya ngazi anamwaga ndoo ya maji juu ya mbao iwe kama mvua. Majirani wote nje.

"Soma!"

"Usi... Usiuuke. Ndiyo nini hicho?"

V imekuwa U nyingine. Ukiibana V sana na kuinenepesha, ncha yake ya chini inakuwa kitako. Nimerudi na msasa.

Aprili 12

Jaribio la pili. V inasomeka. Wifi amesema K imevunjika mguu. Nikamwambia yeye ndiye aliyevunjika. Amecheka mpaka akashika plasta. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimchekesha, kama nimewahi.

Aprili 13

K.

Aprili 14

K tena. Nimeipunguza unene pale mikono inapokutana na mgongo, mwanga upite. Ukiwa karibu inaonekana ina kiuno. Ukiwa mbali inaonekana imenyooka. Wifi ameniuliza kwa nini nimeikondesha pale, nikamweleza, akauliza tena, nikamchorea. Akasema, "Kumbe unafikiri wakati wote huo." Nimelala na sentensi hiyo.

Aprili 17

Hatua arobaini, ndoo tatu. Amesoma kabla sijasema soma. Hatua sitini, amesoma. Hatua themanini, kule kwenye duka la vocha, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "USIVUKE!" Mama mmoja aliyekuwa anakatiza barabara akaganda na kapu lake kichwani.

Aprili 19

Tumevisimika. Wifi amemfundisha mlinzi wa zahanati kufungua na kufunga mara kumi, kisha akamwambia arudie. Mzee wa watu jasho lilimtoka. Vile vya zamani nimevileta nyumbani, nimevigeuza uso ukutani.

Aprili 22

Mvua. Kimefunguliwa mara ya kwanza. Wanne wamerudi, mmoja amevuka akitukana. Amefika salama, na fundi baiskeli anasema watu wamemcheka aliyeandika kibao.

Aprili 24

Mvua imeanza saa tatu, si ya kuzoeleka. Mume wangu alishavuka na mikate tangu alfajiri. Kwa kawaida huwa ng'ambo mpaka alasiri, akirudi saa kumi.

Saa tisa nimekwenda darajani. Alama nyekundu haionekani tena. Fundi baiskeli amefungua upande huu. Upande wa ng'ambo hauonekani kabisa, mvua imeutia pazia. Je, mlinzi amefungua? Ama amejikunyata chumbani kwake na chai? Hakuna wa kumuuliza. Simu ya zahanati haipatikani. Simu ya mume wangu iko hapa juu ya kabati, hajawahi kuibeba kazini tangu tununue.

Namjua huyu mtu. Amevuka kila masika tangu ujana wake. Nikimwambia asivuke, hucheka na kuniambia mto na yeye wanajuana. Miaka yote nimesema, na hata mara moja hajanisikia.

Saa kumi. Saa kumi na moja. Wifi amekuja kunichukua, plasta ameifunga mfuko wa nailoni. Tumerudi.

Hajafika.

Aprili 25

Asubuhi, mvua imekatika. Fundi baiskeli amekuja akitembea, hakukimbia, na kutembea kwake kukaniogopesha zaidi. Amesema kipande cha katikati cha daraja hakipo. Kimekwenda na viguzo vyake. Hajui saa ngapi. Ng'ambo sasa panaonekana, kibao cha upande ule kiko wazi, lakini hajui kilifunguliwa saa ngapi, wala hajaona baiskeli.

Nimeketi chini pale mlangoni. Wifi ameketi kando yangu, ametia mkono wake mzima kwenye mkono wangu, anaukamua kama wazazi wanavyoukamua wake kwenye chumba cha kujifungulia. Amesema, "Pumua." Nikapumua. "Tena."

Saa nne nimesikia mnyororo usiotiwa mafuta. Nimemwambia miaka mingi autie mafuta. Amekunja kona akiisukuma baiskeli, tope mpaka masikioni, amekasirika.

"Nimezunguka daraja la juu!" amesema kabla ya salamu. "Usiku kucha nimelala kwenye benchi la zahanati na watu kumi na mmoja, mmoja anakohoa, halafu nimezunguka na hili chuma kwa miguu. Kwa sababu yako!"

Wifi ndiye aliyeuliza, "Kwani ilikuwaje, kaka?"

"Nimefika pale saa kumi. Maji ya kawaida tu, nimevuka makubwa kuliko yale. Neno limesimama pale, refu kuliko mimi. Nikasema napita. Nikatazama maji, naliona. Nikatazama pembeni, naliona. Limenikazia macho kama mwalimu wa nidhamu." Akaegemeza baiskeli. "Wale wengine walikuwa wamesimama wananitazama mimi. Nikaona aibu, nikageuka. Basi."

"Daraja limekatika katikati," nikamwambia.

Akamtazama dada yake, akanitazama mimi, akakaa chini palepale topeni. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ndogo nisiyoizoea, kama kuna chai.

Msimamizi amekuja saa sita kuuliza kama naweza kuandika vibao vya daraja la juu na vya kivuko cha shule. Wifi amemwambia fundi ana shughuli, arudi kesho, na akija aje na neno moja tu. Kisha akamfungia mlango.

Mume wangu amelala. Anakoroma mpaka bati la jirani linaitikia. Nimemlalamikia kwa mkoromo huo tangu wiki ya harusi. Leo nimevuta kigoda karibu na mlango wa chumba, nimekaa nausikiliza.